Kisima cha Kanisa na Sahani Nne

Jumatatu, 4 Machi
Asante Mungu, binti yangu amekula. Uji nusu kikombe, na umetulia tumboni. Siku tano za kuharisha zimemwacha macho tu.

Daktari aliuliza anakunywa maji gani. Nikasema ya bomba, tena tunachemsha. Mtoto akanisahihisha: na ya bibi! Kumbe mama mkwe humpa kikombe cha maji ya kisima cha kanisa kila asubuhi, pamoja na sala.

Simlaumu. Miaka mitatu iliyopita alikuwa hawezi kusimama. Kanisa zima lilimwombea pale kisimani, akanywa, na wiki ile ile akatembea kwa miguu yake. Nilikuwepo, niliona. Tangu hapo watu huja na madumu kila Jumapili, na yeye ndiye huwatekea.

Na mimi kazi yangu ni kupima maji! Miaka kumi na moja kwenye maabara ya idara ya maji. Kisima hiki sijawahi kukipima. Kwa nini? Jibu nililipata leo nikifua shuka za mtoto: niliogopa.

Jumatano, 6 Machi
Jana nilichukua sampuli kabla ya kwenda kazini. Leo nimefungua kabati la joto la maabara, tunamooteshea vijidudu — sahani imejaa madoa ya buluu. Vijidudu vya kinyesi. Choo kipya cha kanisa kiko hatua kumi na nane kutoka kisimani, tena upande wa juu. Nimezihesabu. Siku ya kukifungua tuliimba sana.

Nilimkuta mchungaji anapaka rangi madawati. Alisikiliza, brashi mkononi. Akauliza kama sahani haiwezi kukosea. Nikakiri inaweza, chupa ikiwa chafu. Basi rudia, akasema. Nikaondoka nimefura. Niliona ananikwepa.

Jioni, nikimenya vitunguu, nikamkumbuka Gideoni na ngozi yake ya kondoo. Siku ya kwanza aliomba ngozi ilowe, ardhi ibaki kavu. Ikawa. Hakuridhika. Akaomba kinyume chake, na Mungu hakumkemea. Kila mwaka nafundisha somo hili shule ya Jumapili, mbona sikuwahi kuona? Yule bwana alikuwa anarudia kipimo! Nilicheka peke yangu, machozi ya vitunguu yananitoka.

Mchungaji alikuwa na haki.

Alhamisi, 7 Machi
Sahani nne. Mbili za kisima, mbili za maji yaliyochemshwa. Mwenzangu wa maabara amebandika namba, mimi nisijue ipi ni ipi. Jicho linalotaka jambo huliona hata lisipokuwepo.

Mume wangu kaponyokwa na ulimi mezani, akataja kipimo cha kisima. Mama mkwe akaweka kijiko chini.

"Mwanangu, unampima Mungu?"

Nikasema hapana mama, napima maji. Hakumaliza chakula. Mume wangu ananisihi niyaache, mama ni mama. Kana kwamba sijui. Huyu ndiye aliyenilelea mtoto nikiwa masomoni. Vyeti vyangu vyote vina jasho lake.

Ijumaa, 8 Machi
Mama mkwe amekuja kazini! Peke yake. Amepanda ngazi za ghorofa mbili, kafika anahema, anataka kuona kwa macho yake.

Nikamvisha koti jeupe, likamfikia visiginoni. Tukafungua kabati. Namba mbili na tatu, safi. Namba moja na nne, madoa ya buluu kila mahali. Mwenzangu akakunjua karatasi yake, akasoma: moja na nne, kisima.

Mama aliinamia zile sahani kwa muda mrefu. Akauliza kama hayo ndiyo aliyompa mtoto. Nikamshika mkono. Akaomba kiti.

Kisha, polepole: "Na miguu yangu?"

Nikamwambia ukweli. Sijui, mama. Sina sahani ya kupimia hilo. Nilikuona ukisimama, na nashukuru mpaka leo.

Akaitikia kwa kichwa. Tumerudi nyumbani, na mkono hakuuachia. Bwana, asante kwa mkono ule.

Jumamosi, 9 Machi
Baraza la wazee. Mchungaji alisoma karatasi yangu ya vipimo yote, hakuruka neno. Nimemwomba radhi kwa hasira ya juzi. Akasema wala hakuiona. Muungwana!

Alitaka kisima kifungwe na choo kihamishwe. Mzee mmoja, fundi cherehani, akapinga. Watu wakianza kuchungulia kisima, alisema, kesho watachungulia msalaba. Wengi wakamfuata. Wameahirisha hadi mwisho wa mwezi, na hakuna kutangaza lolote.

Mwisho wa mwezi. Watoto wangapi watakuwa wamekunywa?

Binti yangu leo ameruka kamba. Nimeshukuru, na nimeona haya kushukuru peke yangu.

Jumapili, 10 Machi
Naandika kwenye ngazi za kanisa. Ibada imekwisha sasa hivi. Hapakutangazwa kitu.

Mama mkwe alitoka kabla ya baraka ya mwisho. Nilidhani kazidiwa. Kumbe kaenda kukaa juu ya mfuniko wa kisima. Foleni ya madumu imejipanga mbele yake, naye hainuki. Kila anayefika, mama anamweleza alichokiona mwenyewe maabara, na kwamba haya maji yachemshwe au yaachwe.

Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni amemuuliza kwa sauti, si wewe uliyeponea hapa hapa?

"Miguu yangu aliiponya Mungu," amejibu. "Tumbo la mjukuu wangu nililiumiza mimi."

Yule mwanamke ameondoka na dumu tupu. Wawili wamemfuata. Wengine wananung'unika, wamekaza kusubiri.

Fundi cherehani anapenya foleni, Biblia kwapani. Mchungaji naye ametoka mlangoni, amevua joho, amenipita hapa bila kunitazama, anaelekea huko huko. Sijui anakwenda kumwinua mama pale juu au kukaa naye.

Mfuniko ni mpana, unatosha watu wawili. Naenda kukaa na mama.