Propela Mbili, Sukani Mbili

Chihaya mwanangu,

Nimekwenda kwa shangazi yako. Wali uko kwenye jiko la umeme, supu ya miso ipashe moto.

Asubuhi kule bwawani nimeiona mashua ndogo ya mpinzani wetu wa mashindano, yule kijana Kuramochi, ikigeuka papo hapo, kama yetu. Ina propela mbili, na kila moja ina usukani nyuma yake. Nikamuuliza nani kamfundisha. Akacheka: "Muulize binti yako, mzee."

Miaka mitatu tulihangaika na usukani mmoja wa katikati, maji ya propela yanaupita pembeni, mashua haikati kona. Dawa yake tuliijua wawili tu.

~~Usiguse tena mashua yangu.~~ Funga madirisha, mvua inakuja.

Kama unampenda, si ungeniambia? Ningemfundisha mwenyewe.

Baba