Kifaru cha Rimoti na Ghorofa ya Ukumbini Thika

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Dorine Nekesa
Umri: Miaka 36
Kazi: Kutengeneza mifano ya majengo
Makazi: Mwihoko, Ruiru
Yameandikwa katika kituo cha polisi, Thika, mbele ya Konstebo Magdalene Mwelu

Mimi ndiye mwenye jina hilo hapo juu. Kwa kawaida huwatengenezea wauzaji wa nyumba mifano midogo ya majengo, ile inayowekwa ofisini ndani ya kioo ili mnunuzi aone nyumba ambayo kwa sasa bado ni shimo. Natumia kadibodi, gundi, wembe na ile plastiki nyeupe nyepesi inayokuja na televisheni mpya. Nyumba zangu zote zilikuwa mpya mpaka mwezi wa kwanza mwaka huu, Byron Odongo aliponipigia simu akitaka iliyobomoka.

Byron ni kijana wa Ruiru anayepeleka vifaru vya vita vya rimoti kwenye maonyesho. Si vitu vya watoto. Kifaru chake kina uzito wa mtoto mchanga, kinatoa moshi na kinatembea kwa minyororo ya chuma kama tingatinga. Alitaka ghorofa ya vita yenye milango ya urefu wa kalamu, ili ilingane na kifaru. Ukuta wa chini uwe wa matofali madogo yaliyoshikizwa kidogo tu, kifaru kikiugonga uanguke, halafu upangwe tena kwa onyesho lingine.

Kazi hiyo ilinishika akili. Sikuwa nimewahi kujiuliza nyumba huanguka vipi. Nilienda mtaa wa Kiuu kutazama ukuta uliobomolewa, nikaona kwamba nondo hazikatiki, zinajikunja, na plasta inatoka kwa vipande vikubwa huku ukuta uliobaki bado una rangi ya chumba cha mtu. Mama mmoja aliniuliza kama nimetumwa na kaunti. Nilimwambia naangalia tu, na sidhani aliniamini.

Sasa kuna jambo moja ambalo Byron hakuagiza. Mimi siwezi kumaliza nyumba bila kuanika nguo. Nimeishi kwenye ploti, vyumba vya kupanga vyenye ua mmoja, maisha yangu yote, na jengo lisilo na kamba ya nguo naliona kama sanduku. Kwa hiyo kwenye veranda ya chini nilifunga uzi nikaanika shuka, sare ya shule na nguo za mtoto, zote nimeshona mwenyewe kwa vipande vya vitambaa. Byron alipoziona alicheka. Alisema, "Madam, hii ni vita, si ploti ya Mwihoko. Nani anafua kwa vita?" Nilimjibu kwamba hata kwenye vita watu huchafuka. Akasema basi ziache.

Mnamo tarehe 14 Machi 2026, siku ya Jumamosi asubuhi, tulifika katika ukumbi wa kukodisha hapa Thika. Mlinzi wa ukumbi, mzee Mutisya Kiilu, ambaye nilikuja kujua anakaa mtaa wa Landless, alinisaidia kuingiza ghorofa. Tulipoiweka chini aliinama akachungulia mlangoni, akaniuliza, "Hapa wanakaa wangapi?" Mimi napenda utani. Nilimwambia chini kuna mama na watoto wawili, juu bado tunatafuta mpangaji. Hakucheka. Aliitikia kwa kichwa akaenda langoni, lakini nilimwona akirudi kuitazama zaidi ya mara moja. Nilidhani amependa kazi yangu, nikavimba kichwa kidogo.

Onyesho lilianza baada ya saa sita mchana. Watu walisimama nje ya kamba iliyozungushiwa uwanja wa onyesho, Byron akiwa kando na rimoti. Kifaru kilipanda rundo la mchanga lililomwagwa sakafuni, kikatoa moshi, kikaelekea ghorofa. Kilipokaribia ukuta, mzee Mutisya aliruka kamba akasimama mbele yake, ghorofa ikiwa nyuma ya miguu yake. Alisema, "Ngojeni kwanza. Hawa watu wamepewa notisi ya kuhama?"

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Byron alifikiri mzee anachangamsha watu, akaendelea kukisukuma kifaru. Kiligonga kiatu cha mzee, kikarudi nyuma, kikagonga tena. Hapo mzee alikiinua kwa mikono miwili, minyororo ikizunguka hewani, akakibwaga sakafuni. Mzinga ulivunjika na kukatoka harufu ya waya ulioungua. Ghorofa yangu haikuguswa. Byron akapigia polisi simu.

Konstebo ameniuliza kama mzee alikuwa amelewa. Hapana, nilikaa karibu naye na hakuwa na harufu yoyote ya pombe. Ameniuliza kama ana ugomvi na Byron. Walijuana siku hiyo hiyo, na asubuhi Byron alimnunulia chai. Kifaru kilivunjika na ni mzee aliyekivunja, hilo siwezi kulificha, na najua Byron alikiunda kwa mikono yake. Lakini naomba iandikwe kwamba aliyemwambia ndani kuna watu ni mimi.

Tulipokuwa tukingoja gari la polisi, niliketi naye kwenye ngazi. Nilitaka sana kujua. Nilimuuliza, "Mzee, si uliona ni kadibodi?"

Alisema, "Niliona, mama. Mimi si mwendawazimu." Alivuta uzi uliotoka kwenye kofia yake ya kazi. Kisha akaniambia kwamba kabla ya kuhamia Landless nyumba yao ilibomolewa alfajiri. "Tingatinga ilikuja nguo ziko kwa kamba. Ikaenda nazo. Watu walikuwa wengi, wengine ni majirani, wote wanaangalia. Hakuna mtu alisimama mbele."

Niliona aibu, kwa sababu mimi nilikuwa nimecheka.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia. Nimesomewa na nakubali ni maneno yangu.

Sahihi: D. Nekesa

Maandishi ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa Kiswahili na ametia sahihi mbele yangu. Mlalamishi, Byron Odongo, alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, dirisha likiwa wazi, na nadhani amesikia yote. Ameomba aonane na mshukiwa, Mutisya Kiilu, kabla sijaandika mashtaka. Nimemruhusu. Mpaka sasa bado wako ndani wanaongea.

Konstebo M. Mwelu