Mkono wa Msusi

Jumatatu, 4 Machi

Wanne leo! Na hakuna hata mmoja aliyetaka kusukwa. Wamejipanga kwenye viti vya saluni kama foleni ya zahanati, wanasubiri niwawekee mkono kichwani. Yote aliyaanzisha yule mwalimu. Nilikuwa namsuka, analia, mtoto wake kalazwa. Nikamwombea huku vidole viko kichwani kwake — ningevitoa vipi, nilikuwa katikati ya msuko! Mtoto akapona. Mwalimu akatangazia mtaa mzima kwamba msusi ana mkono.

Bosi anachekelea. Anataka kibao kipya nje: Saluni ya Mkono wa Baraka. Nimemwambia siku kikipanda, mimi nashuka. Anadhani natania.

Lakini humu daftarini sina wa kumdanganya. Kilemba cha ukoka kinanoga. Jana kanisani walinipisha kiti cha mbele, nikakaa. Wala sikujivunga.

Alhamisi, 7 Machi

Dada amekuja saluni. Daktari kasema uvimbe wa tumboni lazima utolewe, Jumatano ijayo, usicheleweshwe. Dada hataki. Sababu? Mimi! Nina mdogo wangu mwenye mkono, anasema, nikachanwe tumbo ya nini? Akainamisha kichwa palepale, kama mteja.

Nikamwekea. Nikaomba. Nikamwambia hospitali aende vilevile. Hilo la pili halikuingia sikioni. Kaondoka anaimba.

Nimekasirika. Sijui nimemkasirikia nani.

Jumapili, 10 Machi

Asubuhi na mapema shemeji kapiga simu. Dada anameza vidonge vya maumivu na kutangaza kwamba amepona. Tumbo likimkata anasema ni shetani anaaga. "Wewe ndiye uliyemfunga," shemeji akaniambia, "mfungue wewe."

Kanisani kiongozi wa maombi akaniita mbele nitoe ushuhuda. Haya, nikautoa! Nikasema mkono huu haujamponya mtu, kazi yake kusuka. Nikasema kuna mama niliyemwombea mwezi uliopita, kwa mkono huuhuu, na tukamzika — mbona huyo hamsimulii? Kiongozi akadandia wimbo harakaharaka.

Nje jirani akaninong'oneza kwamba imani yangu imepungua. Ipungue! Kama imani ni kuniamini mimi, na iishe kabisa, nitaifagia na nywele za sakafuni. Mungu hasubiri vidole vyangu. Alikuwapo kabla sijajua kushika kitana.

Dada hakuwapo kanisani. Shemeji anasema alipohadithiwa, alisema nina unyenyekevu sana. Jamani!

Jumanne, 12 Machi

Hakuna mteja wa mkono leo. Bosi kanuna. Kibao kumbe kilishachorwa, kimeegemezwa ukutani nyuma ya draya. Nimekitundikia aproni yangu.

Jumatano, 13 Machi

Naandikia kwenye benchi la hospitali.

Asubuhi nilimkuta Dada kaketi kitandani, kang'ang'ania godoro. Teksi nje, shemeji kashika mkoba. "Niwekee mkono kwanza," Dada akasema. "Ukiniwekea, naenda."

Ningeweza! Kugusa tu, tukaondoka. Shemeji ananikonyeza, weka bwana, weka twende. Nikaficha mikono mgongoni kama mtoto aliyeiba sukari.

"Sikuwekei, Dada. Ukipona utasema ni mimi. Usipopona utasema ni mimi. Sasa Mungu umemwachia nafasi gani?"

Akanitukana. Matusi yote ya utotoni, hakusahau hata moja. Nami niliogopa, maana akigoma kweli je? Nitamzika kwa ubishi wangu? Lakini nikimwekea leo, kesho hatamtafuta tena Mungu, atanitafuta mimi.

Basi nikakumbuka nesi alisema rasta zitoke kabla ya upasuaji. Nikavuta stuli nyuma yake, nikaanza kufumua. Akatulia. Nywele zake nazijua tangu tukiwa wadogo.

"Unaniombea?"

"Nafumua."

"Kimoyomoyo?"

"Nafumua tu, Dada. Omba mwenyewe."

Halafu akaanza kuomba. Dada hajaomba kwa sauti tangu msiba wa mama yetu! Akakwama, akarudia, akachanganya mambo. Akamwambia Mungu anaogopa kisu. Akamwambia anaogopa sana, na mdogo wake ni jeuri. Nikaitikia amina huku machozi yanamdondokea utosini.

"Haya, twendeni," akasema. Akasimama mwenyewe, nusu ya kichwa imefumuliwa, nywele zimetimka. Nusu ya pili nimeimalizia hapahapa kwenye benchi, nesi akinihimiza.

Ameshaingia. Rasta zake ziko kwenye mfuko, mapajani pangu. Daktari hajatoka. Naogopa, na bado namwamini — Yeye, si hii mikono. Akimchukua Dada nitamlilia, na nitamlaumu usoni kwake. Lakini sitakwenda kumtafutia mbadala kwenye vidole vyangu.

Mama mmoja amekuja kukaa karibu. Mwanawe naye yuko ndani. Kanitazama weee, mwisho kauliza kama si mimi yule msusi. Ndimi. Keshainamisha kichwa!

Nimemwambia tuombe wote, aanze yeye. Anasema hajui aanzie wapi. Nimemwambia hata Dada hakujua. Namsubiri. Anaiangalia kalamu.

Mkono mmoja unaandika. Wa pili nimeukalia.