Miwani Yangu Ndani ya Droo

Kasha, Jumatano. Asubuhi ilikuwa ya ukungu na manyunyu.

Furaha, mjukuu wangu,

Mama yako amepona mafua, na mbuzi wetu wa Nyangezi amezaa. Unauliza kwa nini katika picha niliyokutumia bado nimevaa miwani iliyofungwa uzi. Nitakujibu, ingawa hasira bado ninayo.

Jumatatu nilipeleka karatasi ya daktari wa macho kwenye duka moja la miwani mjini. Muuzaji aliomba miwani yangu, lineti kama tunavyosema huku, aipanguse. Akaitia kwenye droo, kisha akaanza kunivika nyingine na nyingine.

"Koko, lineti za karatasi yako ni za maskini. Kamata hizi za bei kubwa. Ukikataa, utakufa macho!"

"Munganga aliangalia macho yangu. Weye unaangalia sakoshi yangu ya pesa tu. Nipe lineti zangu."

"Tumalize kwanza, Koko."

Bila miwani sikuona hata mlango uko wapi. Hapo nikaelewa kwa nini aliitaka. Basi nikakaa palepale, na kila aliyeingia nikampigia kelele: "Shika lineti zako, mwanangu! Huyu anazifunga kwenye droo!"

Mama mmoja aligeuka akaondoka. Kijana aliyemfuata akacheka, akamwambia muuzaji, "Papa, fungua basi tuone." Miwani ikarudi mkononi mwangu upesi.

Karatasi ya daktari ninayo. Nitaipeleka duka jingine. Ila miwani nitaipangusa mwenyewe, kwa kitenge changu.

Nawe huko Shabunda, watu wakikuharakisha, shika kwanza kilicho chako.

Saa tano usiku. Sasa nalala, na miwani iko pale mkono wangu unapofika.

Koko wako