Baroni Amekula Maua ya Jirani Yako

Ndugu yangu Mukendi,

Kwa heshima zote, na kwa masikitiko yanayostahili, ninakutangazia kwamba farasi wako Baroni amekula maua ya jirani yako. Huyo wa kushoto, mwenye kaburi la saruji. Familia yake bado haijajulishwa. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kwako, nikichimba, kamba ya mkosaji mkononi. Nilipogeuka, yalikuwa yamebaki mashina.

Habari nyingine si nyingi. Wazungu wenye farasi wameondoka karibu wote, wametuachia sisi watunza farasi mazizi na ahadi. Baroni amekonda. Mimi sijakonda, hata vita imeshindwa na tumbo langu. Nimechoka tu, ndugu yangu. Asubuhi ninachoka kabla ya kuvaa viatu.

Wewe ulikufa kwa homa, kitandani, na sasa ninaona ilikuwa bahati. Muda mfupi baadaye Wakasai wenzako wa mtaa wenu walianza kufukuzwa, nyumba baada ya nyumba, na mke wako Ngalula akakimbilia kambi ya wakimbizi na watoto. Kaburi lako likabaki tuta la udongo bila jina. Nilipomtembelea aliniambia neno moja: "Shemeji, mvua ikinyesha, hatutajua tena iko wapi."

Basi nikakutengenezea msalaba kwa mbao za sanduku, nikaandika jina lako kwa chuma cha moto. Herufi zimepinda. Usicheke, wewe mwenyewe ulikuwa unaandika kama kuku.

Shida ilikuwa baraji. Askari wamefunga barabara ya makaburini, na jina la Kikasai mikononi mwa mtu linatosha kumshusha asirudi nyumbani. Lakini mimi si Mkasai, na wananiona kila siku nikipita na majani ya farasi. Nikaficha msalaba ndani ya fungu la majani, nikalifunga mbele ya goti langu. Akili kubwa sana. Nilisahau tu ni nani aliyenibeba.

Kabla ya kutoka nilitazama lijamu, kile chuma cha mdomoni ulichokitundika msumarini siku ulipoona damu kwenye ulimi wa Baroni. Nikanyoosha mkono. Nikakusikia: "Mudomo yake haiko mulango, usiifunge na chuma." Nikakiacha. Nikamvalisha hatamu yako ya kamba, ile inayopita juu ya pua tu.

Njiani nilifuata mafundisho. "Angalia sikio. Sikio ikienda kwa majani, kichwa iko nyuma yake. Usivute, mupe kazi." Sikio lilipogeuka, nilimgusa kwa mguu, akasonga mbele. Kwenye kichuguu, pale ulipomzoesha, nikamwambia "Kula," akala. "Tosha," akaacha. Nikajiona fundi.

Ngalula nimemwambia kwamba barajini nilikaa imara, nikawalainisha askari kwa maneno, tukapita. Akacheka kidogo. Muache na hiyo. Wewe nitakuambia ukweli, maana huwezi kwenda kunisema.

Askari alisema simama. Nikasimama, na woga ukaniondoa akili. Sikuangalia sikio. Baroni akageuza shingo, akang'oa tonge zima la majani kwenye fungu. Nikavuta kwa mikono miwili, kama vile ulivyonikataza miaka yote ile. Naye akavuta zaidi. Ubao ukatokea. Ikatokea M. Akatafuna, akarudi tena, ikatokea MUKE.

Askari akasogea. Mtu mzima, umri wangu. Akapanua majani, akasoma jina lako mpaka mwisho, midomo ikitembea. Mwenzake, ng'ambo ya barabara, akauliza: "Iko nini?"

Akaokota majani yaliyoanguka. Akayarudisha juu ya jina lako, polepole, akayabana vizuri kwenye kamba.

"Iko majani tu," akajibu. Halafu kwangu, chini chini: "Uchimbe sana, isianguke."

Ndivyo ilivyokuwa. Sikumdanganya mtu, sikumlainisha mtu. Nilichimba mpaka kiwiko kikazama, nikilia kama mtoto, na hapo ndipo Baroni alipopata nafasi yake kwa jirani.

Lala, Mukendi. Njia ikifunguka nitamleta Ngalula akuone, tutaunyoosha huo msalaba pamoja. Baroni atakuja pia, bila chuma.

Na nitaangalia sikio.