Ukurasa wa Kukosea

Jumatatu, 2 Juni 2003
Wiki ya tatu wanafunzi wangu wananakili ubaoni: "Kompyuta ina sehemu kuu nne." Kompyuta zenyewe zimefunikwa vitambaa vya kufuma kama makochi ya wageni! Bwana Shamsi, mwenye kituo, anasema wakizigusa kabla ya kuzijua wataziharibu. Amenichosha. Nimeandika kijitabu changu, kurasa nne, maelezo machache. Washa. Andika jina lako. Ukurasa wa tatu — futa barua yako yote kwa makusudi, kisha irudishe.

Jumanne, 3 Juni
Shamsi amechana ukurasa wa tatu. Mbele yangu! Eti watu hawatoki mbali kote huko Mwimbi kuja kufundishwa kukosea. Angalau vitambaa ameviondoa, kwa ajili ya mama Coleta. Karani wa zahanati, miaka kumi na nane kwenye taipureta. Ijumaa anapimwa kwenye kompyuta. Akishindwa, kiti chake anapewa mwingine.

Jumatano, 4 Juni
Coleta anakandamiza vitufe kwa nguvu zote, na anachelewa kuviachia. "Nduguuuuuu" mpaka mwisho wa mstari. Mara ya tatu nikamnyang'anya kibodi, nikamsahihishia mwenyewe. Akaficha mikono ndani ya kitenge. Akasema taratibu, basi andika wewe mwalimu, na kesho kutwa ukapimwe wewe.

Najichukia. Wiki tatu namsema Shamsi, kumbe mimi ni yuleyule, nimeshika chaki tu. Jioni nikauandika upya ukurasa wa tatu kwa mkono, nikampelekea nyumbani kwake, mtaa wa Kizwite. Shikamoo mama, naomba radhi. Akaitikia, akaupokea, akafunga mlango.

Alhamisi, 5 Juni
Saa nne, darasani. Naandika hapa ili mikono yangu iwe na kazi. Coleta alikuwa amemaliza barua ya kuomba dawa, safi kabisa — sasa imefutika yote! Sijui amegusa nini. Skrini nyeupe. Ile karatasi yangu hakuja nayo. Ananitazama. Siinuki. Kukaa hivi kunauma.

Shamsi yuko mlangoni. Anauliza mbona simsaidii, nimekaa tu. Anakuja, mkono umeshanyooka kuelekea mausi. Nimetoa mguu kuziba njia. Anifukuze akitaka, sijali.

Coleta ameacha kunitazama. Kurudisha barua ni vitufe viwili kwa pamoja, kama nilivyoandika ukurasa wa tatu. Cha kwanza amekishika, chenyewe hasa. Cha pili anakitafuta —