Kikohozi cha Kilemba

Jumatatu, 3 Mei 1954

Kilemba kashikwa kifua tena. Mara ya tatu masika haya. Manyoya yamemsimama, pua inachuruzika, na nikimweka sikioni nasikia kama mtu anakanyaga majani makavu. Mwanaheri, mwenye nyumba wetu, kachungulia.

"Mama Atu, panya wako bado yupo tu?"

Nikamwambia si panya, ni simbilisi.

"Haya, panya asiye na mkia." Lakini akarudi na nusu chungwa.

Kilemba ni bibi kizee sasa. Mama alinipa siku naondoka Tukuyu kuja kuolewa. Alikuwa anaenea kiganjani, na shungi kichwani kama kilemba. Mama hayupo tena, na mazishi sikuwahi. Basi huyu hafi kwa uvivu wangu! Nimebadilisha nyasi, nimemfuta pua, nimemnywesha maji ya chungwa kwa kijiko, nimemlaza ubavuni mwa chupa ya maji ya moto niliyoizungushia kitambaa. Kaanza kukitafuna kitambaa. Pumzi hana, na ugomvi anao! Nampenda kwa hilo.

Mume wangu Fransis kasema mnyama akae mbali na mtoto. Kweli, Gaudens ana miezi mitatu tu. Nimemhamishia Kilemba ukumbini, ndani ya debe nililolilaza. Pale ni pakavu, na moshi wa jiko la uani haufiki.

Jumatano, 5 Mei

Baba yake Fransis amefika kumwona mjukuu. Basi, halafu garimoshi, na mkungu wa ndizi kaubeba mwenyewe njia nzima.

Kwetu mke wa mtoto hatazamani na baba mkwe, wala hawasemeshani. Kukutana uso kwa uso ni aibu ya wote wawili. Kule kuna migomba ya kujifichia. Hapa Temeke tuna ukumbi mmoja! Fransis kasema tuyaache, hayo mambo ya migombani. Nikasema hapana. Mama hakunilea hivyo.

Tumepanga. Mzee analala chumba cha mbele, na humo ndimo unga wangu na vyombo vyote vilimo. Nikitaka kitu, nakohoa kidogo nikiwa mlango wa uani. Anatoka nje barazani. Nachukua changu, narudi uani, nabamiza mlango. Akisikia mlango, anarudi ndani. Mpaka sasa sijaona hata kisigino chake. Fimbo tu naisikia ikigonga sakafu.

Mwanaheri kacheka mpaka kashika ukuta. "Makubwa! Siku ukipatwa na mafua si mzee atahamia Kurasini?"

Alhamisi, 6 Mei

Mtoto hakulala. Mie sikulala. Kilemba kala mchicha, majani mawili. Mkaa umelowa.

Ijumaa, 7 Mei

Sijui nicheke au nilie.

Mvua tangu asubuhi, ya upepo. Niko jikoni uani nachagua mchele, mtoto mgongoni. Mwanaheri karudi kutoka dukani, kaja moja kwa moja kwangu, maji yanamtiririka.

"Wee mwanamke, umemfanya nini mkweo? Kasimama nje, kalowa kama ndizi ya kuoshwa!"

Nikasema haiwezekani. Leo sijakohoa hata mara moja.

Karudi barazani kamwuliza, "Mzee, mbona mvuani?" Mzee kajibu kwa upole, "Mkwe yumo ndani." Mwanaheri kamwambia, "Mkweo yuko uani na ungo!" Wakasimama kusikiliza. Na humo ndani, kikohozi. Kidogo, kikavu, cha haya.

Kilemba! Ndani ya debe, kinatoka kikubwa kuliko yeye mwenyewe. Kila akikohoa, mzee anachukua fimbo anatoka. Halafu anangoja mlango ubamizwe. Mlango haubamizwi. Kilemba atabamizaje mlango? Baraza letu bati lake fupi, mvua inaingia yote. Na yeye kasimama tu.

Jioni Fransis kamwuliza baba yake kwa nini hakuita mtu. Kasema hakutaka kuniharakisha. Alidhani nina kazi nyingi, na mtoto bado mchanga.

Mtu ambaye kwao watu wakimwona wanachutama kwa heshima! Ananingoja mvuani mie nimalize kupima unga. Sijamwona uso, lakini sijui kama nimewahi kumheshimu mtu hivi.

Jumapili, 9 Mei

Mzee kaagiza aletewe "huyo aliyenitoa nje". Fransis kampelekea Kilemba. Atu, mkubwa wangu, anasema Babu kamtia ndani ya koti, kifuani, kichwa tu kinatokeza. Anamfuta pua kwa ncha ya leso yake. Chungwa anamtafunia kwanza.

Mchana nilikuwa mlango wa uani, sufuria ya moto mkononi, bado sijakohoa. Nikasikia sauti yake mle chumbani, kubwa, ya makusudi.

"Kilemba! Mwambie aliyekutunza, kucha zako fupi, macho yako safi. Nimefuga wengi, hakuna aliyefika umri wako. Mwambie kuwa mama yake naye alikuwa na mkono huo huo."

Nimesimama pale mpaka sufuria ikaniunguza. Tangu nijifungue hakuna aliyeniambia nimefanya kitu vizuri. Hata mie sikujiambia.

Nikasema, "Kilemba, sema ahsante."

Mwanaheri kaninyooshea kidole. "Aa! Mmesemezana!"

"Sijamsemesha yeye. Nimemsemesha Kilemba."

"Haya, wakili wenu huyo. Mlipeni mchicha."

Jumanne, 11 Mei

Kilemba anakula. Mzee hali.

Sasa kuna vikohozi viwili chumba cha mbele. Kimoja chembamba, kimoja kinatoka chini kabisa, cha ile mvua. Nampikia uji wa ndimu na tangawizi, Atu anampelekea. Fransis kataka kumpeleka hospitali. Mzee kasema kesho. Nimemwambia Fransis: kesho moja tu, hakuna ya pili.

Jumatano, 12 Mei

Kasema kesho tena. Nimemgombeza Fransis badala ya baba yake.

Alhamisi, 13 Mei

Meli imeingia, Fransis kaitwa bandarini alfajiri. Kaahidi akirudi anakuja na teksi ya kwenda hospitali. Mwanaheri kaenda msibani Chamazi, kamchukua Atu. Nyumba nzima ni mie, Gaudens mgongoni, na wagonjwa wawili mle ndani.

Tangu asubuhi walikuwa wanakohoa kwa zamu. Tangu adhuhuri — kimya.

Nimekohoa mlangoni. Fimbo haikugonga. Nikakohoa tena. Nimesogeza bakuli la uji mpaka mlangoni pake, nimerudi uani, nimebamiza mlango. Nimechungulia ukumbini baadaye. Bakuli liko pale pale, uji umefanya utando.

Nimeurudisha jikoni. Naandika huku unapata moto. Ningemwita jirani, lakini majirani wa kushoto ni wanaume tu, wako kazini. Na Kilemba? Yumo ndani ya koti lile. Ikiwa mmoja —

Ameita. Sauti nyembamba, nusura nisiisikie.

"Kilemba. Mwambie siwezi kunyanyuka."

Nikaacha kalamu. Nikaenda mpaka katikati ya ukumbi, nimejifunika kanga. Akangoja, akavuta pumzi. Majani makavu yale yale.

"Mwambie nimegeukia ukuta. Blanketi nimelivuta mpaka kichwani. Aingie tu, hakuna atakayemwona. Akuchukue na wewe, unataka maji."

Nimerudi kuchukua uji. Nimejitanda kanga ya kwanza, ya pili nimejifunika uso, naona vidole vyangu vya miguu tu. Uji tayari. Maji ya chungwa tayari. Vijiko viwili, kimoja chake, kimoja cha Kilemba. Nitaingia kinyumenyume, nikitafute kitanda kwa kisigino. Mama, kama ni kosa, ni langu.

Nimekohoa kwanza, kwa adabu. Wamejibu wote wawili.